Tathmini: Ushauri wa talaka katika ofisi ya mawakili jijini Mwanza

Kati ya mwezi wa pili na wa nne mwaka huu nilimsindikiza mdogo wangu wa kike mara nne katika ofisi ya mawakili iliyoko ghorofa ya pili, upande wa Makoroboi, hapa Mwanza mjini. Jina la ofisi nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa shauri lenyewe bado halijasikilizwa na kwa kuwa nina malalamiko ambayo nisingependa yamwangukie mtu kabla hajapata nafasi ya kuyajibu. Naandika kwa ajili ya wale wanaojiuliza kama kuna maana ya kumlipa wakili kabla ya kufungua shauri la talaka, hasa pale penye nyumba, vyombo vya uvuvi na watoto ambao bado wadogo.

Mdogo wangu anauza dagaa kwenye soko la Mwaloni, Kirumba. Alifunga ndoa ya kanisani mwaka 2012, ana binti wa miaka 11 na mtoto wa kiume wa miaka 5. Mumewe anamiliki mitumbwi miwili na mashine moja ya kusukuma mtumbwi, na sehemu kubwa ya mwaka yuko kwenye kambi ya uvuvi katika kisiwa cha Ukara. Nyumba yao iko Buswelu, kwenye kiwanja ambacho mume alikinunua mwaka 2010 kwa hati ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Naeleza haya mapema kwa sababu ubora wa ushauri wa kisheria hauwezi kupimwa bila kujua mteja alikwenda na kitu gani mkononi.

Kilichotupeleka pale ni tangazo lao lililokuwa linazunguka kwenye simu, lenye maneno makubwa yanayomwahidi mwanamke anayeachika nusu ya kila kitu. Tangazo hilo ni la kupotosha, na sifa ya kwanza ninayoipa ofisi hii, kwa namna ya ajabu kidogo, ni kwamba wakili mwenyewe alilikana ndani ya dakika tano za mwanzo. Alimwambia mdogo wangu, "Mama, hiyo nusu isahau kwanza. Sheria haijaandika nusu mahali popote." Nilimuuliza kwa nini basi tangazo linasema hivyo, akacheka na kusema kwamba liliandikwa na kijana anayeshughulikia mitandao. Jibu hilo halikuniridhisha. Mtu anayekuja mjini kutoka Sengerema, amelipa nauli ya kivuko na daladala kwa kuamini ahadi hiyo, hawezi kulipwa kwa kicheko.

Maelezo yaliyofuata, hata hivyo, yalikuwa ya kiwango cha juu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 114, inaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali ambazo wanandoa walizipata wakati wa ndoa kwa jitihada zao za pamoja, na katika kugawa inaitaka itazame mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, wa mali au wa kazi, pamoja na mila za jamii ya wahusika, madeni yaliyokopwa kwa manufaa ya wote wawili na mahitaji ya watoto wadogo. Kwa zaidi ya muongo mmoja tangu sheria hiyo ianze, majaji walitofautiana kuhusu maana ya jitihada: wapo waliosema mwanamke aliyekuwa anapika, anafua na kulea hana alichochangia katika ununuzi wa nyumba, na wapo waliokataa mtazamo huo. Mahakama ya Rufani ilimaliza ubishi mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, ilipotamka kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Wakili alilieleza hili vizuri, kisha akaongeza jambo ambalo wengi hulisahau, kwamba kutambuliwa kwa mchango ni hatua ya kwanza tu, na kwamba ukubwa wa fungu hutegemea ushahidi wa ukubwa wa mchango.

Nadhani tangazo lile lilichanganya habari zetu na za jirani. Kule Kenya wana Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, inayotaja waziwazi kazi za nyumbani, malezi ya watoto na hata kuwa mwandani wa mwenzi wako kuwa ni mchango, na Katiba yao ya mwaka 2010 inazungumzia haki sawa za wanandoa. Habari ikivuka mpaka pale Sirari hufika huku imekatwa miguu. Hata huko kwao Mahakama ya Juu iliamua tarehe 27 Januari 2023 kwamba usawa wa wanandoa hauna maana ya mgawo wa nusu kwa nusu wa moja kwa moja, na kwamba kila upande lazima uthibitishe ulichochangia.

Sasa nije kwenye kile ambacho kilinifanya nione kwamba shilingi 50,000 za saa ya kwanza hazikupotea. Wakili alichukua karatasi nyeupe, akaichora safu tatu kwa rula, na juu ya kila safu akaandika: mali, ilipatikana lini, nani anajua. Hakuwa na safu ya thamani. Mdogo wangu alianza kutaja nyumba, mitumbwi, mashine, taa za sola za kuvulia dagaa, jokofu, ng'ombe wanne walioko kwa wakwe, na kila alipotaja kitu wakili aliuliza swali lile lile kwa sauti ile ile: nani anajua? Mwanzoni lilimkera. "Mume wangu anajua," alijibu. Wakili akaandika jina la mume, akaliwekea alama ya kuuliza, akaendelea. Ilipofika zamu ya mabati ya nyumba ndipo alipoelewa kinachoulizwa, akamtaja fundi aliyeezeka, ambaye bado anaishi Nyasaka na ambaye fedha yake ya mwisho alilipwa na yeye kwa simu.

Kisha likaja swali la madeni. Mdogo wangu alinitazama, akatazama chini, akasema hana. Wakili alisubiri. Baada ya kimya kirefu akaeleza kwamba mwaka 2016 alikopa shilingi 2,400,000 kwenye kikoba chao cha wauza dagaa, mume hakuambiwa kiasi kamili, na alilipa kwa karibu miaka miwili akipunguza faida ya kila gunia. Aliona aibu, kwa sababu katika familia yetu mke kukopa bila mume kujua ni jambo la kusemwa vibaya. Wakili aliuliza fedha ilitumika wapi. Ilinunua mabati na mbao. Akauliza kama kikoba kina daftari. Kinalo, lina tarehe, saini na jina la mweka hazina. Tarehe ya mkopo ilikuwa wiki mbili kabla ya nyumba kuezekwa. Lile deni alilokuwa analificha ndilo lililokuwa ushahidi wake bora kuliko vyote, na pale mezani likahamishwa kutoka safu ya aibu kwenda safu ya mchango.

Siku ya pili tulikwenda na daftari lake mwenyewe la biashara, lile la shule lenye jalada la kijani, ambamo ameandika kwa miaka sita idadi ya magunia, bei ya sado na fedha aliyoituma nyumbani. Baadhi ya kurasa zina harufu ya dagaa na nyingine zimeraruka pembeni. Wakili alilipitia ukurasa kwa ukurasa bila kukunja pua, akaagiza lipigwe nakala lote na tuombe taarifa za miamala ya simu za miaka ile ile ili hesabu zisomane. Gharama ya nakala ilikuwa juu yetu, jambo ambalo lingepaswa kutajwa tangu mwanzo.

Kuhusu kiwanja cha mwaka 2010 jibu lilikuwa la kina. Mume alikinunua kabla ya ndoa, na watu wengi mtaani wangesema hapo mke hana chake. Kifungu kile kile cha 114 kinasema mali iliyokuwa ya mmoja kabla ya ndoa huingia katika mgawo iwapo iliendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa na mwenzake, au kwa jitihada za wote wawili. Kiwanja kilikuwa na nyasi mwaka 2012, leo kina nyumba ya vyumba vitatu. Wakili alitukumbusha pia kwamba kifungu cha 59 kinamzuia mwenzi kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, akashauri twende kwa mwenyekiti wa mtaa na barua ya kumjulisha kwamba kuna mgogoro, kwa kuwa kiwanja hakina hati miliki na hivyo kinaweza kuuzwa kwa karatasi nyingine ya muhuri mchana kweupe.

Kwenye mitumbwi hakutuficha ugumu. Mmoja umesajiliwa kwa jina la shemeji yetu, kaka wa mume, na wakili alisema wazi kwamba mali iliyo kwa jina la mtu mwingine huhitaji ushahidi mzito wa nani aliyeilipia, na kwamba huyo mtu naye ana haki ya kusikilizwa. Nilipenda kwamba hakuahidi.

Kwa upande wa mali, basi, kwa kawaida yangu ya ualimu, ningewapa alama nane kwa kumi. Kwa upande wa watoto ningewapa tatu, na hapa ndipo penye sababu kubwa ya kuandika tathmini hii.

Siku ya tatu wakili mkuu hakuwepo na tulipokelewa na wakili kijana, mpole na mwenye haraka. Suala la watoto lilichukua dakika tisa. Najua kwa sababu saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu. Alisema mtoto wa miaka 5 ni wa mama, "hapo hakuna kesi", na kuhusu binti wa miaka 11 akasema atachagua mwenyewe. Sentensi zote mbili zina ukweli nusu, na ukweli nusu katika jambo la watoto ni hatari.

Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa kinasema jambo la kutangulizwa ni ustawi wa mtoto. Baada ya hapo mahakama hutazama matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenye umri wa kuweza kutoa maoni yake, na mila za jamii. Ipo dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 anafaa kukaa na mama, lakini ni dhana inayoweza kupingwa kwa ushahidi, na kifungu hicho hicho kinaitaka mahakama izingatie madhara ya kumhamishahamisha mtoto kutoka mazingira aliyoyazoea. Ni wazi kwamba mzazi anayeambiwa hakuna kesi hatajiandaa. Upande wa pili ukifika na maelezo kwamba mama huamka saa tisa usiku kwenda Mwaloni kupokea mzigo na mtoto hubaki na msichana wa kazi wa miaka 15, huyo mama atajibu nini iwapo hajawahi kuulizwa swali hilo hata na wakili wake?

Mabadiliko makubwa zaidi katika eneo hili yaliletwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na wakili kijana hakuitaja hata mara moja. Sheria hiyo ilimfanya mtoto kuwa mwenye haki zake mwenyewe, ikaweka maslahi yake kuwa kigezo cha kwanza katika kila uamuzi unaomhusu, ikaeleza mambo ya kuangaliwa katika maombi ya kukaa na mtoto na ya kumtembelea, na ikampa afisa ustawi wa jamii nafasi ya kufanya uchunguzi na kuiandikia mahakama taarifa kuhusu mazingira ya mtoto. Kwa lugha ya kawaida, mtu anaweza kutumwa kuja kutazama mtoto analala wapi, anasoma wapi na nani anampa uji asubuhi. Kama mwalimu nimewahi kuulizwa na afisa wa namna hiyo kuhusu mahudhurio ya mwanafunzi wangu, na najua rejista ya darasa ina uzito gani siku kama hiyo. Kuhusu binti, maoni yake husikilizwa na kupimwa. Mzigo wa kuchagua kati ya baba na mama haukuwekwa begani kwake, na kumwambia mama kwamba mtoto atachagua ni kumtuma nyumbani akaanze kumshawishi.

Matunzo nayo yalipitiwa kwa sentensi moja. Wajibu wa baba wa kutoa malazi, mavazi, chakula na elimu kwa kadiri ya uwezo wake unabaki hata watoto wakiwa kwa mama, na amri ya mahakama kuhusu watoto inaweza kuombewa marekebisho hali inapobadilika. Kwa mvuvi ambaye kipato chake hupanda gizani na kushuka mbalamwezi, hapo ndipo palipohitaji saa nzima ya mazungumzo, kwa sababu kiwango cha mwezi kikipangwa kwa kutazama wiki nzuri tu, hakitalipika, na kikipangwa kwa wiki mbaya watoto watalala njaa.

Tuliyapata haya yote bure, Buswelu, kwa msaidizi wa kisheria, mama mmoja mstaafu anayefanya kazi chini ya utaratibu uliowekwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hana ruhusa ya kumwakilisha mtu mahakamani na alilisema hilo kabla hatujaketi. Alimuuliza mdogo wangu maswali ya watoto kwa saa moja na nusu: nani humpeleka mdogo kliniki, baba alilipa ada mara ya mwisho lini, watoto huongea naye mara ngapi akiwa Ukara, msichana wa kazi ana umri gani. Swali la mwisho lilimfanya mdogo wangu abadilishe mpangilio wa nyumba yake wiki ile ile. Sasa mama yetu amehamia kwake kutoka Magu.

Yapo mengine ya kulalamikia, ingawa ni madogo. Barua ya kwanza kwenda kwa mume iliandikwa kwa Kiingereza, wakati mume, mke na hata mimi niliyeombwa kuitafsiri tungeelewana zaidi kwa Kiswahili, na wakati tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini. Kuiandika upya kulichukua siku tatu. Risiti tuliipata baada ya kuiomba mara mbili. Kitabu cha sheria kilichokuwa mezani kilikuwa cha zamani, jambo linalohitaji uangalifu kwa sasa, kwa kuwa Toleo la Urekebu la mwaka 2023, yaani sheria za nchi zilizopangwa upya, lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025. Namba za vifungu ninazozitaja mimi ni zile zilizozoeleka kabla yake, na msomaji azilinganishe.

Jambo la usiri siwezi kuliita dogo. Vyumba vya mashauriano vimetenganishwa kwa mbao nyembamba, na tukiwa tunasubiri tulisikia shauri zima la mama mwingine aliyekaa na mwanamume miaka mingi bila ndoa. Ya kwake siyasimulii. Nitasema tu kwamba wakili alimjibu sawasawa kuhusu dhana ya ndoa ya kifungu cha 160, ambayo huanzia kwa watu walioishi pamoja miaka 2 au zaidi na kutambulika kuwa mume na mke, na kwamba hata dhana hiyo ikivunjwa, mahakama bado inaweza kutoa nafuu kuhusu mali na watoto. Lakini kama sisi tulimsikia yeye, naye bila shaka alisikia habari za kikoba.

Ofisi ilitupa ushauri sahihi kuhusu pa kuanzia. Shauri la talaka halipokelewi mahakamani, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria, bila kwanza mgogoro kupelekwa kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa na baraza kutoa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Hati hiyo, ambayo kila mtu huiita Fomu Namba 3, isiwe imepita miezi 6 siku ya kufungua shauri, na mashauri mengi huondolewa mahakamani kwa kasoro ya karatasi hiyo moja baada ya watu kutumia fedha nyingi. Tulikwenda kwenye baraza la kata, mume akaitwa mara mbili, mara ya pili akaja na kaka yake, na tukaondoka na hati. Wakili pia alitueleza kwamba tunaweza kufungua shauri Mahakama ya Mwanzo, kwa kuwa Sheria ya Ndoa inaipa mamlaka sawa na ya Mahakama ya Wilaya katika mambo haya, ingawa kwake yeye hilo lilimaanisha ada ndogo zaidi. Uungwana huo niliuona.

Ada waliyotaja kwa shauri lote ni shilingi 1,500,000, inayolipwa kwa awamu tatu. Mdogo wangu amelipa ya kwanza kwa sharti moja lililoandikwa kwenye mkataba, kwamba sehemu ya watoto itashughulikiwa na wakili mkuu mwenyewe. Alikubali bila kubisha, na siku ya nne alianza upya na swali la msichana wa kazi.

Anayetaka kwenda aende Jumanne au Alhamisi kabla ya saa nne asubuhi, awe na nakala zake tayari, adai risiti kabla ya kuketi, na aombe chumba cha mwisho upande wa ziwa. Ukuta wa chumba hicho ni wa tofali.